Barua kwa Mwanangu: Mpe Adui Jiwe

Mwanangu,

Marahaba. Sura ya tisa ya riwaya yako imenifika, na swali lako nimelisoma mara tatu. Unauliza: mji wa watu elfu kumi unateketezwa kule kwenye sayari ya Mirihi, vita imefika kileleni, mbona wasomaji wako wawili wa kwanza wamepita pale kama abiria anayepita kituo kisicho chake? Unashuku umeandika moto kidogo. Baba yako anasema sura haina kasoro na machozi yamemtoka, lakini baba yako hutokwa machozi hata timu yake inaposhinda, kwa hiyo tumwache.

Mimi naona moto umezidi. Na kwa kuwa nimefundisha fizikia mpaka kalamu nyekundu imeniota mkononi, nivumilie nianze nayo.

Umeandika ndimi za moto zikilamba uwanda nje ya kuba linalofunika mji, na ngurumo iliyotikisa anga. Hewa ya Mirihi ni kabonidioksaidi kwa asilimia 95, gesi ile ile iliyomo kwenye baadhi ya mitungi ya kuzimia moto. Nje hapo moto wa kawaida hauwaki. Tena hewa yenyewe ni nyembamba mno, mgandamizo wake haufiki hata asilimia 1 ya huu tuliouzoea, kwa hiyo ngurumo ingefifia njiani. Kishindo kingepita ardhini. Watu wako wangekisikia kwa nyayo, wamesimama jikoni, vikombe vikianza kugongana bila sauti yoyote kutoka nje. Mstari mmoja wa namna hiyo ungenitisha kuliko kurasa zako nne za miale.

Kuba nalo umelipasua kama yai: ufa mmoja, na kufumba na kufumbua wote wamekufa. Kaa upige hesabu. Kuba la kipenyo cha kilomita 1 lina hewa nyingi kiasi kwamba tundu la upana wa mita 1 lingechukua siku nyingi kuimaliza. Anayesimama karibu na tundu ana shida yake, sikatai, lakini mji mzima ungekuwa na nafasi ya kutafuta kiraka. Adui wako anahitaji pigo kubwa zaidi ya hilo.

Hapo ndipo ulipopatia bila kujua. Meli yake umeificha nyuma ya Phobos, ule mwezi mdogo unaopita kilomita 6,000 hivi juu ya Mirihi. Unaizunguka sayari kwa saa 7 na dakika 39, haraka kuliko sayari inavyojizungusha yenyewe, ndiyo maana huchomoza magharibi na kutua mashariki. Maficho mazuri. Halafu ukampa adui mwali unaofika papo hapo! Kwa nini, mwanangu? Mpe jiwe.

Jiwe likitoka huko, likipunguzwa kasi kiasi cha kuteremka tu, litachukua muda wa saa mbili hivi kufika chini. Litagonga kwa zaidi ya kilomita 4 kwa sekunde, na kwa mwendo huo kila kilo yake hubeba nishati inayozidi mara mbili ya kilo ya baruti ya TNT. Hakuna haja ya bomu. Wala usidhani natunga: Desemba 24, 2021 jiwe linalokadiriwa kuwa na upana wa mita 5 hadi 12 liliangukia uwanda wa Amazonis Planitia, huko huko Mirihi, likachimba shimo la mita 150 hivi na kurusha vifusi hadi kilomita 37. InSight, chombo cha NASA kilichotua Mirihi kupima mitetemeko, kilikuwa umbali wa kilomita 3,500 hivi na kilinasa tetemeko lake, la ukubwa wa 4. Lilikuja kwa kasi zaidi kuliko hilo la adui wako, lakini adui ana uhuru wa kuchagua jiwe kubwa zaidi. Mipasuko ya mianga umeijaza mpaka sura inavuma kama debe tupu, na shimo moja la kweli kama hilo linatosha.

Lakini shimo si hoja yangu. Hoja yangu ni zile saa mbili.

Mitambo ya mji italiona jiwe likiachana na Phobos. Kompyuta itatoa saa, dakika na mahali. Mirihi ikiwa mbali kabisa na Dunia, ujumbe huchukua dakika 22 kwenda na 22 kurudi, kwa hiyo katika muda huo mji unaweza kuuliza swali na kujibiwa mara mbili tu. Swali la kwanza najua litakuwa nini. La pili ndilo ninalotaka kulisoma, na wewe huna hata moja. Umewaua watu elfu kumi kabla hawajapata nafasi ya kugombana, kusamehe deni, kurudi kuchukua picha ukutani. Wasomaji wako hawakuwa na mtu wa kumwogopea.

Kumbuka Chelyabinsk, Urusi, Februari 15, 2013. Jiwe la mita 20 hivi lililipuka juu angani asubuhi. Mwanga ulitangulia, mkali kuliko jua, na watu wakakimbilia madirishani kutazama. Mawimbi ya mlipuko yalifika dakika kama mbili baadaye, yakawakuta pale pale kwenye vioo. Walioumia ni kama 1,500, wengi wao kwa vioo. Ninapokisoma kisa hicho huwa sifikirii jiwe. Nafikiria zile dakika mbili, watu wamepanga mstari dirishani wakistaajabu.

Kamanda wako pia mrekebishe. Umemweka dirishani kule juu akiwaona akina mama wakikimbia na watoto. Hawezi. Kutoka Phobos, mji wa upana wa kilomita 1 ni mdogo kiasi kwamba jicho tupu haliwezi kuona umbo lake. Angeona nukta, kama angeona kitu. Mwache aone nukta, kisha kidoa cha vumbi, kisha aagize chai.

Na vifo, usivirefushe. Mwaka 1966 Marekani, fundi aliyekuwa akijaribu vazi la anga ndani ya chumba kilichonyonywa hewa alipatwa na hitilafu ya bomba. Alizimia baada ya sekunde kama 14, na alipookolewa alisema kitu cha mwisho anachokikumbuka ni mate yakimchemka ulimini. Hotuba ya ukurasa mzima uliyompa meya wako nje ya kuba, bila kofia ya hewa, haiwezekani. Ana sekunde 14 na hewa haimtoki kwa maneno.

Sasa yule mzee wa sura ya tatu. Anayezunguka na kopo la grisi akipaka bawaba za milango ya dharura, ile inayotenga mtaa mmoja na mwingine hewa ikianza kuvuja. Ulimwandika vizuri mno, mpaka namna anavyofuta vidole kwenye suruali, kisha ukamsahau. Mwanangu, sura yote ya tisa ni yake. Jiwe litaangukia mtaa wa mashariki, milango lazima ifungwe kabla, na upande ule bado kuna watu wanaokuja na mizigo. Bawaba hazitakwama, alizipaka mwenyewe. Atafunga dakika ngapi kabla? Nani atakuwa wa mwisho kupita, na nani ataonekana bado yuko mbali kule mwisho wa korido, akimpungia mkono asubiriwe?

Niandikie hiyo tu kwanza. Meli na vikosi nitavisoma baadaye.

Mama yako