Kukimbia alfajiri za masika: vaa uonekane, na nguo isiyobeba maji

Shoga yangu wa Wete kaniuliza wiki hii: anataka kuanza kukimbia lakini masika yameshaingia, je, asubiri yaishe? Nimemwambia asisubiri. Pemba ukingoja mvua ikatike ndipo utoke, utakaa ndani miezi. Cha kufikiria ni nguo.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa natoka Machomane kwenda Gombani mara tu baada ya sala ya alfajiri, kiza bado kimetanda. Suruali ya pamba, fulana ya pamba, mtandio mweusi nimeuzungusha mara mbili. Siku moja mvua ikanikuta kwenye mlima. Pamba hunywa maji na haiyaachii upesi. Suruali ikawa nzito, ikashuka kiunoni, nikawa nakimbia mkono mmoja nimeishika. Mtandio ukaninata mdomoni. Kila nikivuta pumzi navuta kitambaa. Niliogopa kweli.

Nikiwa katika hali hiyo, gari ya abiria ikatokea kwenye kona, taa moja haiwaki. Ikafunga breki, ikaserereka kwenye tope, kioo cha pembeni kikapita karibu na kiwiko changu. Dereva, mtu wa makamo ya baba yangu, akashuka mikono inamtetemeka.

“Wallahi mwanangu, sikuona mtu. Nimeona viatu tu vinaruka.”

Raba zangu zilikuwa na soli nyeupe. Mpaka leo naamini soli zile ndizo zilizoniokoa, kwa rehema za Mungu.

Kwa hiyo dada, kabla ya kitu chochote, onekana. Nilinunua kizibao chenye mistari ya kung'aa, kama wanavyovaa mafundi wa barabara, na kingine kikuukuu nikampa fundi cherehani akate mistari yake aishone kwenye vifundo vya suruali. Mstari wa kifuani dereva anaweza kuudhani kibao au nguzo, lakini miguu hupanda na kushuka, na mtu hutambua mara moja kuwa yule ni binadamu. Nguo nyeupe inasaidia kidogo tu. Mistari ile huurudisha mwanga wa taa kule kule ulikotoka, kwa dereva. Vaa na tochi ya kichwani, na ukimbie upande wa kulia: gari zetu hupita kushoto, kwa hiyo itakayokuja karibu nawe utaiona usoni.

Kuhusu nguo zenyewe, soma kibandiko cha ndani, tafuta poliesta. Jezi ya mpira ya mikono mirefu, hata ya mtumba, inafaa sana: inatota, lakini ukiikamua imeshakuwa nyepesi. Mimi huchukua iliyozidi saizi yangu, ifike mapajani, na fundi akaipasua kidogo ubavuni ili hatua ifunguke. Sitara inabaki pale pale. Kichwani navaa hijabu ya kuingiza, nyepesi, isiyo na pini, na juu yake kepu ili mvua isinipige machoni.

Koti la mvua la plastiki liache nyumbani. Ndugu yangu aliyeko Uingereza huvaa nguo tatu kwa tabaka na koti juu, na kwa baridi ya kule ana haki. Sisi hata Julai, kusi inapovuma, alfajiri haishuki sana chini ya nyuzi 20. Ndani ya plastiki jasho halina pa kutokea, utatota kwa ndani hata mvua isipokugusa.

Paka mafuta ya mgando kwapani, mapajani na chini ya mkanda wa sidiria, maana nguo iliyorowa huchubua. Radi ikipiga, usitoke.

Baridi yenyewe huja ukishasimama. Kanga kavu naitundika nyuma ya mlango kabla sijatoka. Nikirudi navua kila kitu kwanza, chai ya tangawizi baadaye. Raba natoa soli ya ndani, naijaza magazeti, baada ya saa moja nayabadilisha, kisha naiweka penye upepo. Usiianike karibu na jiko la mkaa, gundi itaachia. Na ukijaaliwa, uwe na jozi mbili, kwa sababu masika raba ya leo kesho alfajiri bado mbichi.