Kuandika somo la jumuiya la ukurasa mmoja

Ukitoka chuo cha theolojia ukapewa kazi ya kuandika masomo ya jumuiya, yaani vikundi vya waumini vinavyokutana majumbani, hapa Moshi, anza na swali ambalo waumini wameshaliuliza wenyewe. "Wokovu" si swali. "Mtoto aliyefariki kabla ya kubatizwa, vipi?" hilo ni swali, tena linajaza karatasi ya A4. Herufi ziwe za ukubwa wa 14, maana wazee wengi husoma jioni, na taa zenyewe mnazijua.

Mafungu ya Biblia yasizidi matatu, na usiyakate vibaya. Yeremia 29:11, penye ahadi ya mawazo ya amani na tumaini, hupendwa mno, lakini imo katika barua kwa watu waliohamishwa Babeli, na mstari wa 10 unataja miaka sabini. Ukiuruka, msomaji atangoja kazi au mchumba kabla ya Krismasi. Akikosa, atajiona hana imani. Waefeso 2:8–9, isemayo tumeokolewa kwa neema wala si kwa matendo, nayo hukatwa hivyo hivyo, ilhali matendo mema yako mstari wa 10.

Mifano ndiyo inayoharibu zaidi. Utatu hufundishwa kwa maji, barafu na mvuke. Watu wanaitikia amina, kumbe umewapa fundisho la Sabelio, lile ambalo kanisa lilishalikataa tangu karne ya 3, kwamba Mungu ni mmoja anayebadilisha sura tu. Fungua Mathayo 3:16–17: Mwana ametoka majini, Roho anashuka, sauti ya Baba inasikika, yote kwa wakati mmoja. Eleza hapo hapo, na mfano uache.

Sentensi ziwe fupi kiasi cha kiongozi kuzigeuza Kichagga papo hapo. Usimgeuzie wewe; Kichagga kina lahaja nyingi, na Kimachame si Kivunjo, wala si cha Rombo. Neno "kuhesabiwa haki", yaani Mungu kumkubali mwenye dhambi kuwa mwenye haki kwa imani, usilifute, limo kwenye Biblia yao. Lieleze mara moja, kisha usilibadilishe kila aya ili kupamba.

Kabla ya kutoa kopi, mpe mama mmoja asiye mzee wa kanisa asome kwa sauti. Anapojikwaa, kata. Usimwulize kama ameelewa, atasema ndiyo kwa heshima tu. Mwombe akusimulie somo linasema nini. Mchungaji naye apitie mafundisho. Wengi humpelekea asahihishe koma, mafundisho yakapita bila kuguswa.

Maswali ya majadiliano mawili yanatosha, yasiwe ya ndiyo au hapana. Chini acha mistari mitatu mitupu, kiongozi aandike swali lililowashinda, na karatasi hiyo irudi kwako kabla hujaandika somo linalofuata.