Gavana ametia sahihi CBA, mbona mshahara ni ule ule?

SWALI: Wakili, hujambo? Mimi ni muuguzi katika hospitali ya kaunti. Mwezi Machi gavana na viongozi wa chama chetu walitia sahihi CBA, yaani mkataba wa pamoja wa mishahara na masharti ya kazi, mbele ya kamera, tukapiga vigelegele. Nyongeza ilikuwa ianze Julai, lakini hadi leo mshahara haujabadilika. Sasa kuna bwana kwenye grupu letu la WhatsApp anayejiita afisa mstaafu wa leba. Anataka kila mmoja atume shilingi 2,000 ili “asukume faili” Nairobi. Wengine wanataka tugome Jumatatu. Wenzangu watatu wamejiondoa chamani, eti nyongeza ikija itawapata tu. Si mkataba ukishatiwa sahihi ni sheria? – *Muuguzi, Magharibi mwa Kenya*

JIBU: Si sheria, dada. Nimelijibu swali hili kwa walimu, madaktari, wahadhiri na wafagiaji wa barabara, na kila mara naona mtu ameshakopa sako akitegemea picha ya gavana ameshika kalamu.

Kifungu cha 41 cha Katiba kinakipa chama chako haki ya kujadiliana na mwajiri. Hapo hakuna ubishi. Lakini Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007, kifungu cha 59, inasema mkataba unaanza kuwa na nguvu ya kutekelezwa ukishasajiliwa na mahakama ya ajira na leba. Kabla ya hapo ni kama shamba ulilolipia na kupigia picha huku hatimiliki ikiwa bado kwa jina la muuzaji.

Kwa hiyo usimuulize mwenyekiti wa tawi lenu pesa zinakuja lini. Muulize namba ya usajili. Kama mkataba umesajiliwa, namba ipo na ataisoma kwenye simu. Akianza kukueleza jinsi mazungumzo yalivyokuwa magumu, haujasajiliwa.

Jambo ambalo vyama vyenyewe husahau ni hili: mwajiri ana siku 14 za kuwasilisha mkataba mahakamani. Asipofanya hivyo, chama kinaruhusiwa kuuwasilisha chenyewe. Tangu Machi hadi leo siku 14 zimepita mara ngapi? Viongozi wenu hawana sababu ya kuendelea kumngoja gavana. Na usajili ukichelewa hampotezi pesa, kwa kuwa sheria inasema mkataba unaanza kufanya kazi tarehe waliyokubaliana wahusika. Kama ni Julai, mnadai malimbikizo ya tangu Julai.

Kuna mlango mwingine ambao hauonekani kwenye picha, nao ni Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC. Kifungu cha 230 cha Katiba kinaipa kazi ya kushauri serikali ya kitaifa na za kaunti kuhusu malipo ya watumishi wa umma. Wanaodhani ushauri ni maneno tu wawaulize walimu. Mwaka 2015 mahakama ya leba iliwapa walimu nyongeza ya asilimia 50 hadi 60, shule zikafungwa kwa mgomo wa kuidai, na Novemba mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikaifuta yote. SRC kurukwa ilikuwa hoja kubwa katika kesi ile. Kwa hiyo muulizeni katibu wenu pia: barua ya SRC iko wapi, na ni ya tarehe gani? Iwe ilipatikana kabla ya kalamu kushikwa.

Madaktari walilipia somo hili kwa bei kubwa zaidi. Juni 2013, huduma za afya zikiwa ndiyo kwanza zinaelekea kaunti, Wizara ya Afya na chama cha madaktari, KMPDU, walitia sahihi mkataba. Haukusajiliwa. Madaktari walipochoka kungoja na kugoma Desemba 2016, serikali ikageuka: SRC haikuhusishwa, kaunti hazikuhusishwa, kwa hiyo hakuna mkataba. Mgomo ulidumu siku 100. Februari 2017 viongozi wa chama walipelekwa jela kwa kudharau amri ya mahakama, hadi Mahakama ya Rufaa ilipowaachilia. Serikali iliyotia sahihi ndiyo iliyosimama kusema sahihi yake haina maana! Mimi sidhani ilikuwa bahati mbaya. Mwanasiasa anayetaka makofi leo na mwanya wa kutolipa kesho hupenda sana mkataba wenye karatasi pungufu, na ndiyo maana karatasi hizo ni kazi ya chama kuzifuata.

Kuhusu kugoma Jumatatu: msifanye hivyo. Sheria inataka mzozo uwe umepitia upatanisho, kisha notisi ya maandishi ya siku 7 kwa mwajiri na kwa Waziri wa Leba. Ninyi mko hospitalini, kwenye orodha ya huduma za lazima, ambako mwajiri hukimbilia mahakamani kuuzuia mgomo kabla hamjamaliza kuimba. Mgomo usiofuata sheria ni kuvunja mkataba wa ajira. Siku hizo hazilipwi na barua za nidhamu zinafuata. Mtu wa kwenye WhatsApp hatapokea barua hiyo.

Wenzako watatu nao wanajidanganya. Sheria inaruhusu asiye mwanachama anayefaidi mkataba akatwe ada ya uwakilishi, kwa hiyo akiba wanayoiwazia inaweza kurudi mlango wa nyuma. Waangalie pia yaliyokipata chama cha walimu, KNUT. Baada ya uamuzi wa kesi ya 2019 kati yake na TSC, tume inayoajiri walimu, TSC iliwanyima wanachama wa KNUT manufaa ya mkataba wa 2017 hadi 2021, na walimu wakahama kwa maelfu. Katika miaka miwili chama kilichokuwa kikubwa kuliko vyote kikabaki gofu. Julai 2021 walimu wakapata mkataba mpya wenye likizo ndefu zaidi ya uzazi lakini bila nyongeza ya mshahara. SRC ilisema uchumi umeumizwa na korona. Labda. Ila upande wa pili wa meza ulijua anayeketi mbele yake ana watu wangapi nyuma yake.

Usajili nao hauleti fedha peke yake. Wahadhiri waligoma siku 49 mwaka 2025 wakidai, pamoja na mengine, shilingi bilioni 7.9 za mkataba uliokwisha 2021. Nyongeza yenu isipoandikwa katika bajeti ya kaunti na kupita bunge la kaunti, mhasibu hana pa kuitoa. Kabla ya Juni, mtu wa chama aketi kwenye vikao vya bajeti na asome kurasa za mishahara ya idara ya afya. Kazi hii inachosha na haina kamera, ndiyo sababu wachache huifanya.

Tunaelekea uchaguzi wa 2027, na kalamu zitashikwa kila kaunti. Madaktari, wazima moto, wafanyakazi wa manispaa, wote wataitwa ukumbini wale wali na kupigwa picha. Nyuma yao watafuata mabroka wa kusukuma faili. Hakuna faili la kusukuma. Mkataba ama umewasilishwa mahakamani ama haujawasilishwa, na wenye mamlaka ya kuuwasilisha ni mwajiri na chama chenu, si mstaafu yeyote. Mliokwisha kumtumia 2,000, wekeni ujumbe wa M-Pesa msiufute, mwende nao kituo cha polisi pamoja, si mmoja mmoja.