Maswali ya Wasomaji: Mabuti Marefu ya Kupandia Farasi Yanayoshonwa kwa Vipimo

Barua nyingi tulizopokea tangu toleo lililopita zinahusu mabuti marefu ya kupandia farasi, hasa yale anayoshonewa mtu kwa vipimo vya miguu yake. Tumechagua nne kati yake.

SWALI: Nilianza kupanda farasi nikiwa mtu mzima, na mabuti ya dukani yananitesa. Yakinitosha kwenye shavu la mguu hupwaya kifundoni, na yakinikaa vizuri kifundoni zipu haipandi. Nimeamua kuagiza ya kushonewa, lakini fundi yuko mbali na amenitumia fomu ya vipimo niijaze. Naogopa kukosea kwa sababu buti likishashonwa halirudishwi. Nianzie wapi?

JIBU: Dada, hofu yako ina msingi, kwa kuwa mabuti mengi ya kushonewa yanayoharibika huharibikia kwenye vipimo hata kabla ngozi haijakatwa. Kanuni ya kwanza ni kwamba mguu unaopimwa uwe katika hali ile ile utakayokuwa nayo juu ya tandiko. Vaa suruali yako ya kupandia pamoja na soksi nyembamba unazozitumia kila siku. Usipime ukiwa umevaa suruali ya kawaida, wala juu ya ngozi tupu. Pima alasiri badala ya asubuhi, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri mtu anavyosimama na kutembea, na buti lililopimwa asubuhi na mapema linaweza kukubana ifikapo jioni.

Tafuta mtu wa kukupima. Ukiinama ujipime mwenyewe, misuli ya mguu hubadili umbo na futi huteleza pembeni bila wewe kuona. Keti kwenye kiti kigumu, goti likunjwe kwa pembe ya digrii 90 na unyayo wote ukanyage sakafu, kisha apime kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Hicho ndicho kipimo cha urefu, na ndicho kinachokosewa kuliko vyote, kwa sababu wengi hukipima wakiwa wamesimama. Mkunjo wa goti huonekana tu goti linapokunjwa.

Mizunguko ya mguu ipimwe mahali kadhaa: kifundoni, juu kidogo ya kifundo, katikati, kwenye unene mkubwa kabisa wa shavu, na chini tu ya goti. Futi iguse kitambaa pande zote bila kukiminya. Hapa nakuomba ufanye jambo ambalo fomu nyingi hazilitaji: karibu na kila mzunguko, andika uko umbali gani kutoka sakafuni. Watu wawili wanaweza kuwa na shavu la sentimita 38 kila mmoja, lakini mmoja unene wake ukawa sentimita 30 kutoka chini na mwingine sentimita 35. Fundi akipewa namba ya 38 peke yake atauweka unene anapodhani unapaswa kuwa, na buti litakubana pale ulipo mnene na kupwaya pale ulipo mwembamba, jambo ambalo ndilo unalolikimbia dukani. Fomu isipokuwa na nafasi ya maelezo hayo, yaandike pembeni.

Miguu yote miwili ipimwe, kwa maana ni nadra ikawa sawa kabisa, na kila kipimo kirudiwe mara mbili. Kwa upande wa unyayo, simama juu ya karatasi huku uzito umegawanyika sawa miguuni, na mwenzako auchore mguu kwa kalamu iliyosimama wima, si iliyolala kuelekea ndani. Kisha apime mzunguko wa sehemu pana iliyo nyuma ya vidole, mzunguko wa mgongo wa mguu, na ule unaopita kisiginoni kwenda kwenye mkunjo wa mbele wa kifundo. Kipimo hiki cha mwisho ni cha lazima ukiagiza buti lisilo na zipu, kwa kuwa kisigino chote kitapitia hapo.

La mwisho, na nalisisitiza: andika vipimo kama vilivyo, usiongeze wala kupunguza. Mabuti marefu hushuka yakizoea mguu, kwa sababu ngozi hujikunja kifundoni. Kushuka kwa sentimita 2 hadi 4 ni jambo la kawaida, na ngozi laini hushuka zaidi ya ngumu. Fundi anayelijua hilo huongeza urefu mwenyewe. Ukiongeza sentimita 3 kimyakimya na yeye akaongeza 3 zake, utaletewa buti linalokupiga gotini. Muulize kwa maandishi ameongeza kiasi gani na anatarajia buti lishuke kiasi gani. Majibu yake yatakuonyesha pia kama amewahi kuwashonea wapanda farasi au anashona mabuti ya kutembelea tu.

SWALI: Napanda dresaji (mchezo wa kumwongoza farasi katika miondoko iliyopangwa) na pia naruka viunzi, na nina uwezo wa kuagiza jozi moja tu. Nichague mabuti yenye kamba kifundoni au yasiyo na kamba? Na je, zipu inafaa, au ni kweli kwamba buti zuri halina zipu?

JIBU: Jibu la swali lako limo katika urefu wa mikanda ya vikuku, yaani vile vyuma vya kukanyagia vinavyoning'inia kwenye tandiko. Mrukaji huifupisha, goti na kifundo vikakunjwa sana, na kisigino kikashuka kila anapokaribia kiunzi. Kwa hiyo anahitaji buti linaloachia kifundo kikunjwe. Kamba zile fupi zilizo mbele ya kifundo zina kazi hiyo, kwa sababu zinapanuka kifundo kinapokunjwa, na mtu anaweza kuzilegeza au kuzikaza kulingana na mgongo wa mguu wake. Mpandaji wa dresaji hurefusha mikanda, mguu ukaning'inia karibu umenyooka ubavuni mwa farasi. Huyo hupendelea buti lisilo na kamba, lenye shingo ngumu (nakusudia sehemu yote inayopanda kutoka kifundoni hadi gotini), na mara nyingi upande wa nje hutiwa kigumu kinachozuia ngozi isijikunje.

Kwa jozi moja ya kazi zote mbili, ushauri wangu ni buti lenye kamba, la ngozi isiyo ngumu sana. Buti la kuruka linaweza kutumika katika dresaji bila kumsumbua mtu, ila umbo lake halitakuwa limenyooka sana. Lakini ukivaa buti gumu la dresaji na kufupisha mikanda, ukingo wake wa nyuma utakuchoma chini ya goti na kifundo kitakataa kukunjwa, na mpandaji asiyeweza kushusha kisigino anapoteza uthabiti wake wakati anaouhitaji zaidi. Kama unashiriki mashindano, soma kwanza kanuni za mavazi za mchezo wako, kwa maana rangi na aina ya buti vinaweza kuwa vimetajwa humo.

Kuhusu zipu, sikubaliani na wanaosema buti zuri halina zipu. Buti lisilo nayo lina uzuri wake: halina kitu cha kukatika, na mstari wake ni safi kutoka juu hadi chini. Hata hivyo, kwa kuwa kisigino lazima kipite, fundi hana budi kuacha nafasi kifundoni, na huvaliwa kwa ndoano mbili na kuvuliwa kwa kibao cha kubania kisigino. Zipu humruhusu fundi kukibana kifundo sawasawa. Iombe iwe nyuma, kwa sababu zipu ya upande wa ndani itasuguana na tandiko na kukaa kati ya mguu wako na farasi. Omba pia utepe wa lastiki kando yake kwa urefu wote, ili mguu ukinenepa au kukonda kidogo buti lisikatae kufungwa.

Sasa niseme machache ambayo hukuuliza. Upande wa ndani wa shingo ndio unaosuguliwa na mikanda ya vikuku siku zote, nao hutoboka mapema pasipokuwa na kinga; agiza uongezewe kipande cha pili cha ngozi kutoka gotini hadi karibu na kifundo. Ngozi ya ndama ni laini na huzoea mguu haraka, lakini hukwaruzika upesi. Ngozi ya ng'ombe mkubwa ni nzito na huvumilia kazi ya kila siku. Anayelala na kuamka zizini achague ya pili. Soli nayo uiulizie: ile iliyoshonwa kwenye ukanda wa ngozi unaozunguka kiatu, kwa njia inayojulikana kama Goodyear, inaweza kubanduliwa na kubadilishwa ikiisha, ilhali iliyogundishwa kwa gundi tu mara nyingi huwa shida kubadilisha. Kwa buti utakalolivaa miaka mingi, tofauti hiyo ni kubwa kuliko mapambo yote ya ukingo wa juu.

SWALI: Binti yangu ana miaka 13 na anapenda farasi kupita kiasi. Anataka mabuti ya kushonewa kama ya mwalimu wake. Je, nimkubalie?

JIBU: Mama, usimkubalie kwa sasa. Katika umri huo unyayo na mguu vinaendelea kukua, na kwa kuwa buti la kushonewa huchukua wiki kadhaa au hata miezi kukamilika, linaweza kufika likiwa tayari dogo. Mnunulie mabuti mafupi ya kupandia yanayoishia kifundoni, pamoja na vifuniko vya ngozi vinavyofungwa kuzunguka shavu la mguu. Vitamsaidia kama buti refu, na unyayo ukikua utabadilisha kiatu peke yake.

Usilolegeza hata kidogo ni usalama. Kiatu kiwe na kisigino kinachoonekana, kama sentimita 2.5, ili unyayo usipenye kikuku na kunaswa akianguka, na soli isiwe na meno makubwa yanayoshika chuma. Upana wa kikuku uzidi upana wa soli kwa takriban sentimita 2.5 kwa jumla: kikibana mguu hautoki, na kikiwa kipana mno mguu wa mtoto unaweza kupita wote. Lipime hilo tena kila anapobadilisha viatu.

SWALI: Mabuti yangu ya kushonewa yamefika wiki hii baada ya kusubiri kwa muda mrefu. Yananipiga nyuma ya goti, na zipu ilihitaji mtu wa pili kuifunga. Fundi anasema nivumilie, lakini nawaza kuyarudisha. Nitajuaje kama yamekosewa au ni ugeni tu?

JIBU: Ndugu, buti jipya lililoshonwa vizuri linapaswa kuwa refu na la kubana, kwa hiyo uyasemayo si dalili ya kosa peke yake. Likikukaa kwa starehe siku ya kwanza, huenda miezi mitatu baadaye likawa limeshuka na kupwaya. Kinachotenganisha ugeni na kosa ni mahali panapouma na namna panavyouma. Ukingo kugusa nyuma ya goti, ugumu kifundoni, na shavu kubanwa sawasawa pande zote ni mambo yanayopungua kadiri ngozi inavyojikunja. Lakini vidole vikigusa mbele, unyayo ukibanwa ubavuni, au mguu ukifa ganzi, usisubiri. Unyayo wa buti hauongezeki urefu, na ganzi ina maana kwamba damu au mishipa ya fahamu imebanwa. Hayo mwandikie fundi mara moja, pamoja na picha, kabla hujampanda farasi nayo hata mara moja, kwa sababu soli ikishakwaruzika madai yako yatakuwa magumu.

Ukiridhika kwamba ni ugeni, lianze buti nyumbani. Weka kipande cha kuinua kisigino ndani yake ili goti lipande mbali kidogo na ukingo, kisha livae kwa dakika 20 hadi 30 kwa siku ukitembea na kuketi, ukikunja kifundo taratibu. Wakati huo angalia mikunjo inayotokea mbele na nyuma ya kifundo. Ikijipanga kwa usawa katika miguu yote miwili, buti linashuka inavyotakiwa. Ukiona mkunjo mmoja mkali unaoelekea upande mmoja, chunguza kama kisigino chako kimekaa barabara ndani. Ngozi ikianza kutii, panda farasi kwa muda mfupi, na kipunguze kile kipande cha kisigino polepole hadi ukiondoe. Usiliroweshe buti kwa maji ili lilegee haraka, kwa kuwa ngozi ikikauka huwa ngumu kuliko mwanzo.

Zipu yako ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Wakati wa kuifunga, keti na unyooshe mguu mbele, uzivute pamoja kingo mbili za ngozi kwa mkono mmoja ili zipu isibebe mvutano wote, kisha ipandishe bila kuisukuma kwa nguvu. Ikikwama, irudishe chini na uanze upya. Ifungue hadi mwisho kabisa kabla ya kutoa mguu. Anayeufyatua mguu zipu ikiwa nusu huivunja pale chini, karibu na kisigino, ambapo meno hukunjwa kila hatua. Na kila baada ya kupanda, pitisha brashi ndogo kavu katika meno hayo. Vumbi likichanganyika na jasho la farasi hukauka humo na kuyala, wakati ngozi inayozunguka ingali mpya.