Sefu ya bunduki: waangalie kwanza watu wa nyumbani, mwizi baadaye

Kufuli lilikuwa limefungwa vilevile nilivyoliacha asubuhi. Nililivuta, likakataa. Ila mlango wa kabati ulikuwa umefunguka kwa upande usio wake: ulining'inia kwenye tumbuu ya kufuli, na kule kwenye bawaba kuko wazi. Bawaba tatu zilikuwa sakafuni, skrubu zake zimekusanywa ndani ya kifuniko cha chupa ya soda zisipotee. Juu ya kitanda changu aliketi mtoto wa dada yangu, miaka 11, amekuja kwetu likizo. Bunduki ilikuwa mapajani mwake.

"Shikamoo mjomba," akasema. "Nilitaka kuiona tu."

Niliichukua taratibu, nikaifungua, nikatazama. Haikuwa na risasi. Boksi la risasi lilikuwa rafu ya chini ya kabati hilohilo, halijaguswa, na sikuwa nimefanya lolote la kumzuia asiliguse. Usiku ule sikulala.

Niko Tabora mjini, shamba langu liko upande wa Uyui. Bunduki yangu ni ya marisau, yenye mitutu miwili, na ina leseni. Kabati lile lilikuwa la mninga, kazi ya fundi hodari, na mninga wa huku kwetu hausifiwi bure. Lilikuwa zito, limepigwa vanishi, wageni walilisifia. Niliamini uzuri wake na ukubwa wa kufuli lake. Mtoto hakuhangaika na kufuli. Alichukua bisibisi kwenye boksi la baiskeli, akaanza na bawaba.

Tangu siku hiyo, rafiki au jirani akiniuliza anunue sefu gani, namuuliza kwanza ndani ya nyumba yake wanalala nani. Mwizi anaweza kuja mara moja katika miaka kumi, au asije kabisa. Mtoto wako, mpwa wako, kijana wa kazi, ndugu aliyelewa, mtu wa nyumbani aliyekata tamaa ya maisha na hajamwambia yeyote, hao wako na bunduki yako kila siku. Wanajua unatoka saa ngapi. Wanajua suruali ipi ina funguo. Sefu inayomchelewesha mwizi dakika tano lakini mtoto wa nyumbani anajua ufunguo wake unakaa juu ya fremu ya mlango, hiyo mimi siiiti sefu.

Mwaka 2005 jarida la tiba la JAMA la Marekani lilichapisha utafiti uliolinganisha silaha zilizotumiwa na watoto na vijana wa chini ya miaka 20 kujiua au kujeruhi kwa bahati mbaya, na silaha nyingine za majumbani ambazo hazikuleta maafa. Mambo manne yalionekana kwenda pamoja na usalama: bunduki kufungiwa, bunduki kuhifadhiwa bila risasi, risasi nazo kufungiwa, na risasi kuwekwa mbali na bunduki. Kwa kuwa kabati lile halikumzuia hata mtoto, mimi nilikuwa natimiza moja tu kati ya manne: bunduki bila risasi.

Baada ya kabati nilikimbilia kununua. Nilileta sefu ndogo ya vitufe vya namba, ya aina inayowekwa kwenye vyumba vya hoteli. Kwanza, bunduki ndefu haiingii humo. Hilo utaliona kama jambo la wazi, lakini ndani ya duka akili inakuwa kwenye taa ya kijani na mlio wa vitufe. Pima silaha yako kabla hujatoka nyumbani. Yangu ina sm 116, kwa hiyo nafasi ya ndani ninayohitaji haipungui sm 125.

Pili, ile sefu ilinifundisha kuogopa sefu rahisi za umeme. Nyingi zinashikiliwa ndani na kipini kidogo kinachosukumwa na springi. Ukiipiga juu kwa kiganja huku unazungusha kitasa, mshtuko unaweza kukirudisha kipini nyuma, mlango ukaachia. Mpwa wangu mwingine, mkubwa, alijaribu mbele yangu. Jaribio la nne ikafunguka. Fanya jaribio hilo dukani, mbele ya muuzaji, na akikukatalia, ondoka. Angalia pia tundu la ufunguo wa dharura lililofichwa nyuma ya kifuniko cha plastiki, maana ufunguo wake ndio mlango halisi wa sefu hiyo. Namba iliyotoka nayo kiwandani ibadilishe siku hiyohiyo. Usiweke mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote wa nyumbani. Watoto huanza na hiyo. Betri nazo zina siku yake ya kufa, na haichagui siku nzuri.

Za alama ya kidole zinavutia zaidi, na ndizo zinazonitia hofu zaidi. Oktoba 2023 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitangaza kurudishwa kwa sefu za bunduki za alama ya kidole zipatazo 61,000, kwa kuwa zilikuwa zinaweza kufunguka kwa kidole cha mtu asiyeandikishwa. Taarifa ilitaja kifo cha mvulana wa miaka 12 kilichotokana na silaha iliyotolewa kwenye sefu ya aina hiyo. Ukishaandikisha kidole chako, waite watu wote wa nyumbani, mmoja mmoja, kila mmoja ajaribu vidole vyake vyote kumi. Inachukua nusu saa.

Mwishowe nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Tabora tuna mafundi wazuri wa mageti na madirisha, na sefu ya kuagiza hukuchonganisha na nauli ya mzigo hata kabla hujaiona. Lakini fundi anahitaji maelekezo, la sivyo atakutengenezea kabati la nguo la chuma.

Anza na unene wa bamba. Kwenye mabamba ya geji, namba ikiwa kubwa chuma ni chembamba: geji 18 ni kama mm 1.2, geji 14 ni kama mm 2. Fundi wangu alishaanza kukata geji 18 niliporudi mchana. "Mzee, hii inatosha, geti la bosi mmoja nimetumia hii," akaniambia. Tukapiga hesabu pamoja kwa chaki sakafuni. Bamba la mita moja ya mraba lenye unene wa mm 1 lina uzito wa karibu kilo 8. Sanduku langu la urefu wa sm 130, upana sm 35 na kina sm 30 linakula mita za mraba 1.9. Kwa geji 18 lingekuwa na kilo 18, mtu mmoja analibeba begani na kupanda nalo bodaboda. Kwa bamba la mm 3 linafika kilo 45 kabla ya bawaba na kitasa. Alinyamaza, akaenda kuchukua bamba la mm 3. Uingereza, mwongozo wa serikali kuhusu makabati ya bunduki unataja mm 2. Chini ya hapo mimi nisingeshuka.

Sasa bawaba, ambazo nina kisa nazo. Zikikaa nje si tatizo, mradi mlango usizitegemee peke yake. Mwambie fundi upande wa bawaba achomelee ndani ya mlango vipande vitatu vya nondo, ambavyo mlango ukifungwa vinaingia kwenye matundu ya fremu. Hapo hata mtu akikata bawaba zote kwa grinda, mlango unabaki umeshikwa kwa ndani. Mdomo wa mlango uzame ndani ya fremu usitokeze, na upenyo kati yao uwe mdogo kiasi kwamba ncha ya mtaimbo haipati pa kuingia. Maungio yachomelewe mfululizo kutoka juu hadi chini, siyo madoadoa ya kuruka sm 10 yanayofunikwa na rangi. Pita na kidole kwa ndani kabla hajapaka rangi. Baada ya rangi hutaona kitu.

Kitasa nilichagua cha ufunguo mrefu wenye meno pande mbili, kinachosukuma makomeo juu, chini na ubavuni. Nilikinunua mwenyewe, nikahesabu funguo, na fundi alikifunga nikiwa nimesimama pale. Simtuhumu fundi kwa lolote. Ni kwamba ufunguo uliolala karakana usiku mmoja huwezi kuapa kwamba hauna pacha. Ndani, sehemu ya juu, kuna kisanduku kingine cha risasi chenye kitasa chake na ufunguo wake usiofanana na ule wa nje.

Kilo 45 bado si kitu kwa wanaume wawili, kwa hiyo lazima sefu ishikane na nyumba. Nyumba nyingi za kwetu ni za matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo, na bolti ukutani mle inang'oka kama jino bovu. Nilichimba pembeni mwa chumba, nikamwaga kitako cha zege, nikasubiri wiki nne kikomae, ndipo nikatoboa na kufunga bolti nne za kutanuka za mm 12 kutokea ndani ya sefu. Pembe ya chumba inasaidia: kuta mbili zinamnyima mtu nafasi ya kuweka mtaimbo. Ukuta wa bafu uepuke, sebule usiifikirie kabisa, na mgeni asijue hata kama unayo. Fundi na msaidizi wake niliwaambia ni sanduku la nyaraka. Wiki zile nne za kusubiri zege, bunduki ilikaa kituo cha polisi kwa maandishi, na huko ndiko ninakoikabidhi hadi leo nikisafiri kwa muda mrefu.

Moto watu huniuliza sana. Sefu za kuzuia moto hutiwa ndani tabaka la jasi au vitu vya jamii hiyo, ambavyo hushikilia maji ndani yake na kuyatoa kama mvuke joto likipanda. Kwa hati ni nzuri, maana zile za kuhifadhia karatasi hutengenezwa ili joto la ndani lisipite nyuzi joto za Selsiasi 177 hivi, karatasi zisiungue. Kwa chuma unyevu ule ni adui. Mimi hati nimeziweka kwingine.

Na unyevu ulinipiga hata bila jasi. Mvua za kwanza za Novemba zilinikuta nimeifungia bunduki ndani ya ala yake ya ngozi, nikidhani naitunza. Nilipoitoa Januari, pale ngozi ilipogusa mtutu kulikuwa na vidoa vya kutu vya rangi ya chai, na kimojawapo kilikuwa na umbo la kidole gumba changu, kwa jasho nililoacha. Ngozi na turubai hunywa unyevu na kuubana kwenye chuma. Bunduki ikae sefuni tupu, imefutwa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, na pakiti za silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, pembeni. Nakagua kila mwezi, na wakati wa masika kila wiki mbili. Wenzangu wa Kigoma, kwenye unyevu wa Ziwa Tanganyika, wasingoje hata wiki mbili.

Neno kwa wenye magobore, maana huku bado yapo mengi na wenye nayo wanayaheshimu kama urithi. Baruti ya unga usiifungie ndani ya sefu ya chuma iliyobana. Moto ukiingia nyumbani, sefu ile inakuwa bomu. Baruti hukaa kwenye sanduku la mbao lenye unene wa inchi moja, lenye kufuli, mbali na jiko na mbali na gobore lenyewe. Na gobore usiliamini kwa macho, kwa kuwa halifunguki nyuma ukaona. Tumbukiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia, hadi mwisho, uweke alama pale mdomoni likiwa tupu kwa hakika. Siku alama hiyo ikibaki juu ya mdomo, kuna kitu ndani.

Ufunguo. Leseni ya silaha ni ya mtu, si ya familia, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikutungwa ili bunduki izungukie mikono ya nyumbani. Ufunguo wa nje uko kwenye kamba shingoni mwangu, naoga nao, nalala nao. Mke wangu alikasirika mwanzoni, akaona simwamini. Tulikaa tukazungumza hadi usiku. Nikamwambia kwamba ufunguo anaoujua yeye, watoto watauona machoni mwake. Akauliza swali lililonishinda: "Na ukifa, baba Neema?"

Kwa hiyo ufunguo wa pili uko Urambo kwa kaka yangu, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na sahihi yangu imepita juu ya gundi. Juu ya bahasha nimemwandikia asije kufungua sefu peke yake, apitie kwanza kituo cha polisi, aje na askari.