Ukitaka kuendesha Class 08, anza chini

Kijana mmoja wa nyumbani anayesoma hapa Uingereza ameniuliza afanye nini ili naye ajifunze kuendesha kichwa cha treni kwenye reli ya makumbusho ninapojitolea wikiendi. Akauliza na usukani uko upande gani. Usukani hakuna, mdogo wangu. Reli ndiyo inajua inakokwenda.

Tunachoanzia wengi ni Class 08, kichwa cha sogeza cha dizeli, yaani cha kusukuma na kupanga mabehewa. Vilitengenezwa 996 kati ya 1952 na 1962, na hakuna aina ya kichwa Uingereza iliyowahi kufikia idadi hiyo. Injini ni ya English Electric, silinda sita, nguvu za farasi 350. Lori la mizigo la siku hizi linaishinda. Ila injini hiyo inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota mbili za umeme, na gia zimepangwa kwa kuvuta, siyo kukimbia: mwendo wake mkubwa ni kama kilomita 24 kwa saa, lakini kinapoanza kuvuta kinatoa nguvu ya karibu tani 16. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, angekipenda.

Kwa hiyo kuondoka siyo kazi. Kazi ni kusimama, na hilo nililijua kwa aibu. Nilikuwa nasogea kuunga mabehewa manne ya abiria, nikaona nafasi bado ipo, nikachelewa breki kidogo tu. Bafa, vile vizuizi vya mgongano vya mbele na nyuma, zikagongana kwa kishindo. Ndani ya behewa la pili mama mmoja alikuwa anafuta vioo, birika lake la chai likaishia sakafuni. Hakunisemesha mpaka saa tisa.

Hesabu yenyewe ni hii. Kichwa kina tani 49 hivi, mabehewa manne ya zamani yanakaribia 130. Ukiyasogeza bila kuunga mabomba ya breki, unayashika yote kwa breki ya kichwa peke yake, na majani ya vuli yakilowa juu ya reli, magurudumu yanateleza kama umepaka sabuni. Mchanga wa kumwaga juu ya reli unasaidia, ila umwage mapema. Ukisubiri uanze kuteleza umeshachelewa.

Ndiyo maana nasema anza chini. Omba kwanza kazi ya kuunga na kufungua mabehewa. Utabeba viungio vya chuma vizito, utachafuka grisi hadi kwenye viwiko, na utajua kwa mwili umbali ambao dereva juu anaukisia tu. Boneti ni ndefu mbele yake, kilicho karibu na bafa hakioni. Vidhibiti vimewekwa pande zote mbili za kibanda ili aendeshe akiwa upande uliopo wewe. Ukimwinulia mikono yote miwili juu, maana yake simama. Na dereva akikupoteza machoni, hata sekunde moja, anasimama bila kuuliza. Asiyefanya hivyo usikubali kufanya naye kazi, awe mzee wa miaka mingapi.

Usiingie kamwe kati ya bafa mpaka kila kitu kimetulia na dereva amekuitikia. Hapo sina mzaha.

Ukishapanda juu, tazama mita ya ampea, inayoonyesha umeme unaokwenda kwenye mota, kuliko unavyotazama mandhari. Ukifungua nguvu na treni haisogei, umeme mkubwa unapita kwenye mota zilizosimama, na mota iliyoungua hailipiki kwa michango ya wanachama. Punguza, shuka, kagua breki za mikono. Mara nyingi kuna mtu aliisahau moja kwenye behewa la mwisho, na mara mbili mtu huyo nilikuwa mimi.

Jambo la mwisho ni baridi, ambalo kwetu hatulijui. Chetu hakina dawa ya kuzuia maji yasigande, kwa hiyo jioni za Desemba tunamwaga maji yote ya injini yasije yakaipasua usiku. Valvu iko chini, pabaya, na maji yanaingia kwenye mkono wa koti. Njoo na glavu mbili.