Uashi: chuo kwanza, au kazini kwanza?

Ndugu, umeuliza iwapo uanze na chuo cha ufundi au umfuate fundi mwashi kazini. Kwa maoni yangu, anza kazini kwa miezi michache, kisha uende chuoni, kwa sababu mtu aliyekwisha kushika mwiko wa mwashi huelewa haraka kwa nini mwalimu anasisitiza kusoma ramani na kukadiria vifaa. (Wapo watakaokushauri kinyume, nami sigombani nao.)

Utakapopokelewa, usishangae ukipewa kwanza kuchanganya mchanga na saruji. Mchanganyiko ukizidi maji, tofali huzama na kuteleza; ukiwa mkavu mno, haushiki. Tofali kavu la kuchoma lilowanishwe kidogo kabla ya kujengwa, lisije likanyonya maji ambayo saruji inayahitaji ili igande. Pembe hujengwa kwanza, ndipo uzi huvutwa kutoka pembe hadi pembe, na kila tofali hulazwa likifuata uzi bila kuugusa, huku kiungo (nafasi ya saruji kati ya tofali na tofali) cha takriban milimita 10 kikiachwa, na viungo vya wima vya kozi moja (yaani safu moja ya matofali) visikutane na vya kozi iliyo chini yake. Timazi (ya kupimia wima) na pimamaji (ya kupimia usawa) visikae mbali nawe, kwani kosa la milimita 2 katika kila kozi, likielekea upande uleule, hufika sentimita 4 baada ya kozi 20.

Saruji mbichi huunguza ngozi, kwa hiyo vaa glavu na uoshe mikono mapema. Mgongo nao utakuuma wiki za mwanzo.